Kamera ya pili begani: ni mbwembwe au ni kazi?

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Mbagala. Ameniandikia hivi, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo dada. Mimi ni mpiga picha, nina mwaka wa pili kwenye kazi. Nina Canon 80D moja, lenzi yake ya 18-55 na nyingine ya 50mm f/1.8. Kila nikiingia ukumbini naona wapiga picha wakubwa wamening'iniza kamera mbili, na kuna mmoja nilimwona na tatu. Marafiki zangu wanasema ni mbwembwe za kumtisha mteja. Babu yangu naye alipoona picha yao akasema mshika mbili moja humponyoka. Nimeweka akiba ya shilingi milioni moja na nusu, na Desemba nina harusi yangu ya kwanza kubwa, kanisani mpaka ukumbini. Ninunue kamera ya pili au ninunue lenzi ndefu ya 70-200? Na hiyo kamera ya pili ni ya nini hasa?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na babu. Methali yake ni ya kweli, ila hapa mkono unashika kamera moja tu. Ile ya pili inaning'inia kwenye nyonga, inasubiri. Hakuna anayepiga kwa kamera mbili kwa mpigo. Tunachokikimbia ni kukutwa mikono mitupu jambo linapotokea, na katika kazi yetu jambo hutokea mara moja. Baba humkabidhi binti yake mara moja. Pete huvishwa mara moja. Ukimwambia padri arudie kwa sababu ulikuwa unabadilisha lenzi, hata akikubali, nyuso zile hazirudi. Mteja amekukabidhi siku ambayo hataipata tena, nayo ni amana. Mengine yote nitakayokueleza yanatokana na hilo.

Mimi nililijua hilo kwa gharama ya watu wengine. Mwaka 2014 nilikuwa na kamera moja, niliyoinunua kwa mkopo wa kikoba. Harusi ilikuwa katika kanisa moja maeneo ya Kinondoni. Bibi harusi ameshuka garini, matarumbeta yanapiga, akina mama wametandika khanga chini kuanzia getini mpaka mlangoni ili apite juu yake. Bibi yake mzaa mama, aliyesafirishwa kutoka Songea, alikuwa amesimama mlangoni na kitenge kipya, anasubiri kumfunika mjukuu wake mabegani. Nikabonyeza. Kamera ikatoa mlio kama kijiti kilichovunjika, ndani ya kitafutio kukawa giza, kisha yakatokea maandishi ya hitilafu. Nikazima, nikawasha. Nikatoa betri, nikarudisha. Nikatoa lenzi, nikaweka nyingine. Nilipoinua macho, kitenge kilikuwa tayari begani na yule bibi alikuwa anafutwa machozi.

Shata ilikuwa imekatika. Ibada yote niliipiga kwa kamera ndogo ya mfukoni ya mjomba wa bwana harusi, na kwa giza la mle kanisani picha zikatoka na chenga tupu. Wiki iliyofuata nilimrudishia mama wa bibi harusi nusu ya malipo yake. Alizipokea, akanikaribisha chai, kisha akaniambia taratibu, "Mwanangu, hela hii haina sura ya mama yangu." Tangu siku hiyo sijaenda kwenye tukio na kamera moja.

Tuangalie kilichovunjika, maana wengi hawajui kwamba kinachakaa. Shata ni mapazia ya vibati vyembamba sana yanayofunguka na kufungwa mbele ya sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kila picha unayopiga, mapazia yale yanaruka. Watengenezaji hutangaza idadi ya miruko ambayo shata imejaribiwa kuihimili. Ya 80D yako ni 100,000. Ya Canon 5D Mark IV ni 150,000, ya Nikon D850 ni 200,000, na zile kamera nzito za waandishi wa habari kama Canon 1D X Mark II hufika 400,000. Idadi hiyo si tarehe ya kufa. Zipo shata zinazokatika mapema mno, na zipo zinazopita idadi hiyo kwa mbali. Lakini fanya hesabu. Harusi ya Dar, kuanzia saluni asubuhi hadi maharusi wanapoondoka ukumbini usiku, mimi hupiga picha kama 2,500. Kwa 80D hizo ni harusi 40. Ukipata kazi kila Jumamosi, hata mwaka haujaisha umeshafika. Ukiwa na mbili zinagawana mzigo.

Na shata ni ugonjwa mmoja tu. Kamera huanguka kwenye ngazi za jukwaa, humwagiwa soda na mhudumu anayekimbia, na mlango wa kadi huvunjika bawaba. Huibiwa pia, na hilo unalijua.

Hapa kuna jambo ambalo vijana hulichanganya. Utaambiwa kwamba kamera yenye nafasi mbili za memori kadi inatosha, huna haja ya kamera ya pili. Nafasi mbili ni kitu kizuri sana. Canon 5D Mark III ilikuja nazo mwaka 2012, wakati Mark II ya mwaka 2008 ilikuwa na moja tu. Mwaka 2018 Nikon walipotoa Z6 na Z7, na Canon wakatoa EOS R, zote zikiwa na nafasi moja, wapiga harusi walilalamika dunia nzima, na matoleo yaliyofuata, kama Z6 II na R6 za mwaka 2020, yakaja na mbili. Lakini kadi ya pili inalinda picha uliyokwisha kuipiga. Shata ikikatika, kadi zako mbili zitakaa salama ndani ya kamera isiyopiga. Yako ya 80D ina nafasi moja, kwa hiyo wewe umekosa kinga zote mbili, na ndiyo maana naandika kwa urefu.

Sasa, tofauti na wanavyodhani wengi, kuharibika siyo sababu inayotufanya tuishike kamera ya pili kila dakika. Kuharibika kunakuja mara moja baada ya miaka. Kinachokuja kila dakika ni umbali.

Chukua ile njia ya katikati kanisani. Bibi harusi anaingia mlangoni na wewe umesimama karibu na madhabahu. Akiwa kule mbali unamtaka kwa 70-200 (namba hizi ni milimita za lenzi; zikiwa kubwa lenzi inavuta mbali, zikiwa ndogo inaona kwa upana), ili shela, uso na mkono wa baba yake vijae kwenye picha. Anakuja. Akifika hatua kumi kutoka kwako, ile lenzi ndefu imekuwa mzigo, inakukatia kichwa cha baba. Unahitaji 24-70 au 35mm, upate maharusi, wapambe, na yule shangazi wa benchi la mbele anayepiga vigelegele huku analia. Kubadilisha lenzi ni kubonyeza kitufe, kuzungusha, kutoa, kushika mbili kwa mkono mmoja, kupachika, kuzungusha tena, kufunika ile nyingine, kuirudisha mfukoni. Mwenye mikono myepesi hutumia kama sekunde kumi. Kwa sekunde kumi bibi harusi amemaliza njia. Na sekunde hizo zote macho yako yako chini, hujui hata ulichokosa. Mwenye kamera mbili anaiachia moja ishuke kwenye mkanda, anainua nyingine. Sekunde mbili, na macho hayajaondoka kwa bibi harusi.

Ndiyo sababu utaona kamera zenyewe zinafanana lakini lenzi hazifanani. Mpangilio wa wengi ni 24-70 upande mmoja na 70-200 upande mwingine. Wanaopenda lenzi zisizovuta hubeba 35mm na 85mm. Mimi ni wa kundi hili la pili ninapokuwa nyumbani kwa bibi harusi, kwa sababu vyumba vyetu ni vidogo, giza ni jingi, na lenzi ya 35mm yenye tundu pana inanipa mwanga bila kuwapiga watu flashi machoni wakiwa wanavaa.

Mipangilio nayo ni hivyo hivyo. Ukumbini kamera yangu moja ina flashi juu, iko tayari kwa watu wanaocheza wakielekea mezani kutoa zawadi. Nyingine haina flashi, imefunguliwa kwa ajili ya taa za jukwaani, ISO (yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga) 3200 na kasi ya shata 1/160 ya sekunde. MC akizima taa ghafla ili maharusi waingie na fataki za baridi, sihangaiki kuzungusha vitufe gizani. Nabadilisha kamera, nimebadilisha kila kitu kwa mpigo.

Niongeze hapa onyo dogo, kwa kuwa ukumbini ndipo linapouma. Ukinunua siku moja kamera ya kisasa isiyo na kioo cha kurukaruka ndani, zile tunazoziita mirolesi, utapenda ile shata yake ya kimya. Kanisani ni neema, kwa sababu wapo mapadri na wachungaji wasiotaka kusikia mlio wakati wa viapo. Lakini ukiingia ukumbini, rudisha shata ya kawaida. Taa za LED zinawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni, na kwenye kamera nyingi shata ya kimya husoma picha mstari kwa mstari, hivyo utakuta mapande ya giza na mwanga yamepita juu ya nyuso za watu. Nimewahi kuona albamu nzima ya hivyo.

Halafu kuna hali ya hewa yetu, ambayo wanaoandika vitabu vya kamera kule kwenye baridi hawaifikirii kwa namna hii. Umekaa ndani ya ukumbi kwa muda wa saa mbili, kiyoyozi kinaunguruma, na kamera imepoa mpaka bati lake linasisimua mkono. Maharusi wanataka picha nje, kwenye bustani au ufukweni. Unafungua mlango. Hewa ya Dar, hasa Desemba mpaka Machi, imebeba unyevu mwingi, na ikigusa kioo cha baridi unyevu ule unageuka maji papo hapo. Lenzi inakuwa kama kioo cha bafuni. Ukifuta, inarudi. Itakuwa hivyo robo saa au zaidi mpaka kioo kipate joto la nje, na jua la machweo halikungoji. Ukiwa na kamera mbili, moja iache nje ya ubaridi tangu mwanzo, kwa msaidizi au ndani ya begi lililofungwa zipu mahali pasipo na kiyoyozi. Ukitoka, unaitumia hiyo huku nyingine inapata joto taratibu. Na hata ile ya baridi, kabla ya kuitoa ifunge ndani ya begi; unyevu utakaa juu ya begi badala ya kukaa kwenye lenzi.

Ufukweni kuna la zaidi. Coco Beach jioni upepo unarusha mchanga mwembamba na chumvi ya bahari. Kila unapotoa lenzi, unaiacha sensa wazi kwa upepo ule. Punje moja ikitua, itaonekana kama doa kwenye kila anga utakayopiga mpaka uisafishe. Kamera nyingi za siku hizi hujitikisa zenyewe ili kuangusha vumbi, lakini chumvi iliyolowa haidondoki kwa kutikiswa. Mwenye kamera mbili hana sababu ya kufungua chochote pale.

Usidhani mambo haya yameletwa na kamera za dijitali. Zamani haja ilikuwa kubwa kuliko sasa. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36, na ukishauweka umefungwa kwenye ISO yake mpaka uishe. Aliyetaka rangi mchana na nyeusi na nyeupe gizani alibeba kamera mbili, moja kwa kila mkanda. Mpiga picha wa vita Robert Capa aliposhuka na wanajeshi ufukwe wa Omaha kule Ufaransa tarehe 6 Juni 1944 alikuwa na kamera mbili za Contax, kwa sababu huwezi kubadilisha mkanda huku maji yanakufika kiunoni na risasi zinapita. Karibu zaidi na sisi yupo Mohamed Amin, mpiga picha wa habari wa Kenya, ambaye kampuni yake ya Camerapix aliianzishia hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963 kabla ya kuhamia Nairobi. Alijulikana kwa kubeba kamera ya filamu ya kutembea pamoja na ya picha mnato katika kazi moja, ili tukio lile lile liende kwenye televisheni na magazetini. Ninapowaona vijana wa leo wakiwa na kamera moja ya video na nyingine ya picha mnato, nakumbuka kwamba kuna aliyetangulia kuipita njia hiyo hapa hapa mjini.

Na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kamera ya pili siku hizi: mteja anataka picha, na anataka pia vipande vya video vya kuweka status kabla hata keki haijakatwa. Kamera moja ikifanya yote mawili, unabadilisha kasi ya shata, fokasi (pale picha inapotoka kali) na sauti kila mara, inapata joto, na betri inaisha upesi. Nenda Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga, ukae nyuma ya goli utazame wenzetu wa magazeti. Lenzi ndefu iko kwenye mguu mmoja wa chuma kwa ajili ya mchezo. Shingoni kuna ya pili yenye lenzi fupi, kwa sababu mfungaji akishafunga anaweza kukukimbilia wewe, na ukiwa na 400mm mkononi utapata pua yake tu. Yule mwenye tatu uliyemwona nadhani alikuwa na moja ya video.

Sasa shida zake, maana sitaki ukanunue halafu unilaumu.

Kwanza saa. Kamera mbili zenye saa tofauti zitakuvurugia albamu, kwa kuwa kompyuta hupanga picha kwa muda zilipopigwa. Msaidizi wangu mmoja alirekebisha kamera ya pili kwa saa yetu ya Kiswahili. Ilikuwa saa 8 mchana, akaandika 8:00, wakati kamera inataka 14:00. Nilipounganisha picha, maharusi walikuwa wamevishana pete saa 3 asubuhi, kabla bibi harusi hajaketi kwenye kiti cha saluni. Lightroom, programu ya kupanga na kurekebisha picha, inaweza kusogeza muda wa kundi zima, kwa hiyo niliponea hapo. Siku hizi kabla ya kuondoka nyumbani ninapiga picha ya saa ya simu yangu kwa kamera zote mbili. Zikitofautiana hata sekunde tano, naziona.

Pili, majina ya mafaili. Kamera zote mbili zitakupa IMG_0001, IMG_0002 na kuendelea, na zikifika 9999 zinaanza upya. Ukizimimina kwenye folda moja, una hatari ya kufuta picha kwa picha. Kila kamera iwe na folda yake na kadi zake zenye alama. Mimi nazibandika plasta, nyekundu kwa ya kulia, bluu kwa ya kushoto.

Rangi nazo husumbua. Kamera za kampuni mbili tofauti huona ngozi yetu kwa namna mbili tofauti, na ukiweka picha zake ukurasa mmoja, bibi harusi atakuwa maji ya kunde hapa na mwekundu pale. Zikiwa za kampuni moja kazi inapungua, zikiwa za aina moja inakwisha kabisa. Vyovyote vile piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, urekebishe nyumbani.

Na uzito. 5D Mark IV na betri yake ni gramu 890, lenzi ya 70-200 f/2.8 ni karibu kilo moja na nusu, 24-70 f/2.8 ni gramu 805. Ukijumlisha kamera mbili na lenzi hizo umebeba kilo nne, kwa saa kumi, ukiinama na kuinuka. Usizibebe shingoni. Tafuta mkanda wa mabega mawili unaovuka mgongoni. Nimeanza kuumwa mgongo nikiwa na miaka 34 kwa sababu ya kudharau hili.

Kuna kazi ambazo kamera ya pili haina maana, na nisingependa uimalize akiba yako kwa ajili yake. Kama unapiga pasipoti, bidhaa za duka, chakula cha mgahawa, au vijana wanaotaka picha za kumbukumbu, moja inatosha. Ikigoma, utaomba radhi na kurudi kesho. Ukienda kupiga mitaa ya Kariakoo ndiyo kabisa, nenda na moja ndogo. Mbili zinakuchelewesha na zinawaita vibaka. Na ukiwa kwenye bajaji au bodaboda usiku baada ya kazi, kadi zilizojaa zikae mwilini mwako, mbali na begi la kamera.

Kuna pia mahali ambapo kamera mbili kwa mtu mmoja hazisaidii, wanahitajika watu wawili. Nikaha inafungwa msikitini kati ya wanaume, na wakati huo huo bibi harusi yuko nyumbani na wanawake wenzake, anapambwa. Huwezi kuwa kote. Hapo kamera ya pili mpe dada mnayeaminiana, naye aingie unapozuiwa kuingia. Mimi nimelelewa kikazi kwenye nafasi hiyo. Kitchen party nyingi nilizopiga mwanzoni niliitwa kwa sababu kaka aliyepewa kazi asingeruhusiwa kupita mlangoni.

Turudi kwenye milioni moja na nusu yako. Usinunue 70-200 kwanza. Lenzi nzuri kwenye kamera moja inayokufa ni chuma tu, na kwa Desemba lenzi hiyo unaweza kuikodi kwa siku moja. Kodi na kamera ya pili kwa siku hiyo hiyo, uichukue siku moja kabla uizoee. Gharama ya kukodi iweke kwenye bei unayompa mteja. Ni sehemu ya kazi kama nauli.

Baada ya hapo ndipo ununue, na nunua iliyotumika. Kwa kuwa una 80D, zitazame mbili. Canon 70D ni ndugu yake, betri zinaingiliana, kadi ni SD, na lenzi zako zote mbili zitakaa. Canon 6D nayo inatumia betri za ukoo huo huo na kadi za SD, lakini sensa yake ni kubwa, saizi ya filamu ya 35mm. Gizani ni bora zaidi, na pointi yake ya katikati inashika fokasi mahali ambapo 70D inatapatapa. Ila lenzi yako ya 18-55 haitakaa kwenye 6D, haikutengenezwa kwa ajili yake. Ile ya 50mm itakaa kote. Tena ina faida: kwenye 6D itaona kama 50mm, kwenye 80D yako itaona kama 80mm, kwa sababu sensa ndogo ya Canon inakata picha kwa 1.6. Ungekuwa ndugu yangu wa damu ningekwambia chukua 6D, kisha tafuta 50mm nyingine ya f/1.8, mkopo usichukue.

Ukienda kuinunua, nenda mchana. Beba kadi yako, betri yako na flashi yako. Piga ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa, ukuze picha utafute madoa. Weka flashi juu uone kama inawaka. Fungua na funga mlango wa kadi mara kadhaa. Muuzaji akikuonyesha namba ya faili kuthibitisha kwamba kamera imepiga picha chache, usikubali, maana namba hiyo inaanza upya. Idadi ya kweli ya miruko ya shata kwenye Canon nyingi inasomwa kwa programu maalumu kwenye kompyuta, kwa hiyo nenda na mtu mwenye laptopu. Akikataa kamera yake isomwe, ondoka.

Kisha fanya zoezi hili kabla ya Desemba. Vaa kamera zote mbili sebuleni. Mwambie dada yako atembee kutoka mlangoni hadi dirishani, taratibu kama anaingia kanisani. Mtu mwingine akuzimie kamera ya kwanza bila kukuambia lini. Hesabu sekunde kuanzia ilipozimika hadi picha ya kwanza, iliyoshika fokasi, kwenye kamera ya pili. Mara ya kwanza utashangaa, zitafika hata nane. Rudia kila jioni mpaka ziwe tatu.